Kamba ya Mungu Iko

Kuna mlio mmoja ambao ukinifikia, hata nikiwa katikati ya kazi, mikono inasimama yenyewe. Ni mlio wa kamba iliyolowa inapokazika juu ya chuma. Si mlio mkubwa. Unaanza chinichini kama mtu anayekoroma chumba cha pili, unapanda kidogo, unakatika. Halafu yanafuata matone ya maji yanayokamuliwa kutoka kwenye nyuzi. Ninyi mliokulia mbali na ziwa labda mnakijua kitanda cha kamba mgonjwa anapojigeuza. Basi mlio wetu ni ndugu yake.

Mimi ni mkunga hapa Kalemie. Kazi yangu ni kupokea watoto, kufunga kitovu, kukata, kumpa mama mtoto wake. Wenzangu wa materniti wananitania kwamba fundo la Riziki hata shetani akija na meno yake hatalifungua. Nacheka nao, lakini sijawahi kuwaambia kwamba nilipokuwa mtoto nilikuwa naiogopa kamba moja kuliko nilivyomwogopa mbwa yeyote, na wakati huohuo sikutaka mtu aiguse. Leo nawaambia ninyi.

Papa yangu alikuwa mpokea kamba bandarini. Boti ikikaribia, baharia anarusha kamba, Papa anaidaka, anakivisha kitanzi chake kwenye kisiki cha chuma kilichopandwa ukingoni mwa gati, na boti inatulia. Ukimwona akifanya ungedhani ni mchezo. Lakini viganja vyake vilikuwa vigumu hivi kwamba alikuwa anaokota kaa la moto na kulirudisha jikoni bila haraka, huku akiendelea na maongezi yake. Mama alikuwa anamwambia, “Papa Riziki, siku moja utanipapasa na hiyo mikono, nichubuke,” na mimi nacheka bila kuelewa kwa nini wakubwa nao wanacheka.

Mama alikuwa mchuuzi. Alikuwa anapeleka chumvi, sabuni na vikwembe, yaani vitenge, mpaka mji wa Moba, anarudi na maharage na mahindi. Boti aliyoizoea ilikuwa ya mbao, pana, imepakwa rangi ya kijani, na ubavuni imeandikwa MUNGU IKO kwa herufi kubwa nyeupe. Boti kama hizo, zenye nafasi yao bandarini, hazikuondoka na kamba ya gatini. Ziliiacha palepale, kitanzi kimevaa kisiki, mkia umelala majini, ili zikirudi mabaharia wapate tu kuuokota na kujivuta. Kwa hiyo ukifika bandarini na kuona kamba bila boti, unajua kuna watu wako safarini. Papa alikuwa anasema kamba ya namna hiyo ni sawa na sahani ya mtu iliyofunikwa mezani.

Asubuhi ya safari ile Mama alinukia sabuni ya mawese. Alijifunga kikwembe cha kila siku, akakiacha sandukuni kile kizuri, chenye ndege wa buluu, maana alikuwa anakitunza kwa Noeli. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa. Akanigusa kichwani, akaniambia, “Usiache maharage yaungue.” Basi. Hakuniambia neno lingine, na kwa nini angeniambia, alikuwa anakwenda Moba tu.

Boti haikurudi siku iliyongojewa. Watu wakasema upepo, watu wakasema mota. Majirani walikuwa wanapita nyumbani na kumwambia Papa, “Kawia ufike,” na yeye anaitikia kwamba ndivyo, “Njo vile, kawia ufike.” Mpaka leo nikisikia mtu anaisema methali hiyo kwa sababu ya teksi kuchelewa, nainuka na kwenda zangu kwa miguu.

Kisha mawimbi yakaleta bidoni tupu la mafuta ya mota, gunia lililopasuka, na ubao mmoja wa kijani. Ubao ulikuwa umevunjikia katikati ya jina. Neno lililobaki lilikuwa IKO. Watu wakasimama ufukweni wakiuzunguka, wengine wakisema ni alama njema, wengine wakishika midomo. Mimi nilikuwa najua kusoma tayari, na nilisoma kwa sauti, na hakuna aliyenikataza. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu, nikijisemea kwamba Mama iko, yupo.

Hakuna mwili hata mmoja uliopatikana. Tulifanya matanga bila kaburi, na matanga bila kaburi hayana mwisho. Watu wanachoka kulia lakini hawajui waondoke saa ngapi. Wazee wa jamaa za wale waliosafiri wakakaa, wakakata shauri kwa desturi ya watu wa ziwa. Kamba itolewe kwenye kisiki, itupwe majini, ndiyo itakuwa maziko yao wote. Na kwa kuwa Papa ndiye aliyekivisha kitanzi kile, Papa ndiye wa kukivua.

Papa akakataa. Hakugomba. Alisema tu kwamba kuitoa kamba ni kuwaambia wale watu wasirudi tena, na yeye hajapata kinywa cha kuwaambia hivyo. Akaongeza kwamba hata kuweka kamba ya boti nyingine juu yake hatakubali, maana hiyo ingekuwa kuwakandamiza huko chini waliko. Wapagazi wa bandari, watu wasioogopa gunia wala polisi, walimsikia, wakaanza kukizunguka kisiki kile kwa mbali. Boti zikawa zinabanana kwenye visiki vingine, na kile kimoja kikabaki na kamba isiyo na boti.

Mchana nilikuwa nampelekea Papa chakula, bukari, yaani ugali, na ndakala, dagaa wetu, katika sufuria iliyofungwa kitambaa. Ndipo nilipoanza kuusikia ule mlio. Saa saba ya mchana bandari inakufa kabisa. Wapagazi wanalala chini ya mabehewa, jua linakausha hata maneno, na ziwa linalala bila kikunjo. Katika utulivu huo kamba ilikuwa inakazika. Mkia wake ulikuwa unashuka majini na kupotelea katika kijani kizito, na kule kusikoonekana kitu kilikuwa kinaivuta, polepole, kisha kinaiachia. Papa alikuwa anakula huku ameipa mgongo. Mimi nilikuwa naitazama mpaka macho yanauma. Sikuwa na shaka hata kidogo ni nani aliyeishika upande wa pili. Niliogopa akivuta, na niliogopa zaidi asipovuta.

Miezi ikapita, wakaja askari wa kofia za buluu. Waliletwa kulinda amani ziwani, na walitoka nchi ya mbali iitwayo Uruguay, ambako, walitueleza, watu wanakunywa majani ya uchungu kwa mrija na kula ng’ombe bila kumaliza. Walikuwa wanacheka sana na kucheza mpira na wavulana wa mtaa wa Kataki. Boti yao ya doria ilihitaji mahali. Shefu wa bandari akatazama gati lake lote, akaona kisiki kimoja hakina kazi.

Nilikuwapo siku hiyo, nimekaa juu ya sufuria iliyogeuzwa.

“Papa Riziki,” shefu alisema, na hakusema kwa ukali, “ile kamba inatoka leo. Boti ya hawa watu inaingia sasa hivi.”

“Shefu, nikiitoa nimewafukuza. Nikiweka ingine juu yake nimewakandamiza. Uniambie mimi nifanye nini?”

“Ufanye kazi yako.”

“Basi kazi hiyo nimeshindwa. Umupe mwingine.”

Lakini mwingine hakuwapo. Wapagazi wote walikuwa wamekumbuka shughuli zao. Shefu mwenyewe alipiga hatua moja kuelekea kisiki, akasimama, akajifanya anafuta kiatu. Mimi nilikuwa nimeng’ang’ania sufuria kwa mikono miwili, na moyoni nilikuwa namwomba Mama asivute wakati huo, wasije wakamwona.

Kwenye boti alisimama baharia mmoja mnene, mwenye masharubu, jina lake Ruben, kamba begani. Alikuwa na mkalimani wake, kijana wa hapa mjini aitwaye Fidele, aliyejifunza Kiingereza kwa redio na alikuwa anakivaa kama suti mpya. Ruben akauliza kuna nini. Fidele akaanza kueleza kwa Kiingereza, akafika kwenye neno la kufunga, akakwama. Ruben alikuwa na Kiingereza kidogo, na neno hilo moja halikumtosha kujua kinachofungwa. Fidele akatugeukia, akatufundisha wote, kana kwamba tumemlipa minerval, ile karo ya shule. Kwa Kiingereza, akasema, neno ni moja, tai. Unafunga nalo boti, unafunga nalo kamba ya kiatu, unafunga nalo mzigo, hata timu zikitoka sare ni hilohilo.

Ruben alipoelewa kwamba tunajadili maneno, alicheka, akapanda gatini. Kwa lugha yao neno moja haliwezekani, akasema, mpaka kwanza uniambie unafunga nini. Akaigusa boti yake: amarrar. Akagusa mzigo wa mpagazi na kiatu chake mwenyewe: atar. Akashika kifungo cha shati lake lililobana tumbo: abrochar. Akapiga mpira wa hewani, akaonyesha ngumi mbili zilizolingana: empatar. Halafu akachukua ncha mbili za kamba, akazisokota pamoja vidoleni mpaka hazijulikani ipi ni ipi: empalmar. Nilikuwa nayarudia kwa kunong’ona, na kila neno nilikuwa nalikunjia kidole.

“Kumbe Waingereza ni wavivu,” alisema Papa.

“Na sisi je?” alijibu Fidele. “Si tunasema kufunga, tumemaliza?”

Watu wakacheka, na Papa naye akacheka, kicheko cha kwanza tangu ubao ule. Kisha kikamtoka usoni. Akamwambia Fidele, “Umuulize. Kwao wanasemaje, kumufunga mutu asiende, na tena asizuiwe kuja?”

Fidele aliuliza, sijui kwa maneno gani. Ruben aliitazama kamba yetu, mkia wake uliozama, na uso wa Papa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. Alichukua kitanzi cha kamba yake, na badala ya kukitupa juu ya kisiki alipiga magoti. Akakipitisha chini ya kitanzi cha kamba ya Mungu Iko, akakichomoza kutoka chini, katikati yake, na ndipo akakivisha kisiki. Vitanzi viwili vikakaa kisiki kimoja. Akamwita Papa aone. Akakivua cha kwake, akakipitisha kurudi chini, chetu hakikutikisika. Akakirudisha kwa njia ileile. Kisha akaanza kukiinua chetu, kuonyesha kwamba nacho kingeweza kutoka bila kuzuiwa na cha kwake, na Papa akamshika mkono.

“Nimeona,” akasema Papa. “Kiache.”

Ruben akakiacha. Shefu akafuta kiatu cha pili, akaenda zake biro, ofisini. Kabla jua halijapinda, kamba ya boti ya doria ilikuwa imefungwa, na kamba ya Mama ilikuwa mahali pake, haikutolewa, haikukandamizwa. Nililia njiani nikirudi nyumbani, nikisema kwa kila hatua amarrar, atar, abrochar, na watu wa sokoni wakadhani ninasali.

Baada ya siku hiyo Ruben na Papa wakawa marafiki wasio na lugha. Baharia alimpa Papa kijiti kigumu, kilichochongwa ncha moja kama jino la mamba, na akamfundisha kufungua nyuzi za kamba iliyochakaa na kusukia ndani yake nyuzi mpya. Papa alikitunza katika kopo la misumari. Askari wale walipohamishwa, waliondoa kamba yao kwa kuipitisha chini, na yetu ikabaki.

Kisha Papa akaleta mke.

Aliitwa Feza, na tulimwita Mama Feza. Alitoka Nyunzu kwa treni, mwanamke wa mihogo na mashamba, aliyekimbia vita na kufika na kapu moja. Maji alikuwa anayaogopa kupita kiasi. Siku ya kwanza alipoliona ziwa aliuliza mwisho wake uko wapi, na alipoambiwa upande wa pili ni nchi nyingine, akakaa chini mchangani. Kuchota alikuwa anachota amesimama nyuma na kunyoosha mkono, na watoto wa ufukweni walikuwa wanamwigiza. Mimi nilimwigiza vizuri kuliko wote.

Sitawaficha, nilimchukia. Wakubwa walikuwa wanasema mbele yangu kwamba mama wa kambo si mama, na mimi niliipokea methali hiyo kama amri. Alipika vizuri, nilikula nikiwa nimenuna. Majirani walipoanza kumwita Mama Riziki, kama ilivyo desturi, nilitupa sahani. Yeye akaiokota, akatoka mlangoni, akawaambia kwa sauti, “Mama Riziki ni mumoja. Mimi muniite Feza.” Nilifikiri anakubali kushindwa. Nikaapa kwamba neno Mama peke yake, bila jina nyuma, halitamwangukia kutoka kinywani mwangu hata nife.

Ni katika miaka hiyo wapagazi walipoanza kusema habari za mwanamke wa kisiki. Walisema saa saba, watu wakiwa wamelala, huja mwanamke na kuketi karibu na kamba ya Mungu Iko. Kichwa amejifunika. Anaongea na maji. Ukikohoa hageuki, na ukirudi na mwenzako humkuti. Mmoja aliapa kwamba alimsikia akilitaja jina la Riziki. Baada ya hapo hakuna mpagazi aliyekanyaga upande ule mchana, wala aliyethubutu kuigusa kamba hata kwa unyayo.

Wakati huo nilikuwa nasoma mchana, sipeleki tena chakula. Siku moja mwalimu aliugua, tukaachiwa mapema, na miguu yangu ikanipeleka bandarini bila kuniuliza. Nikatokea nyuma ya mabehewa. Alikuwa pale. Amechuchumaa, mgongo kwangu, na kichwani na mabegani amejifunika kikwembe chenye ndege wa buluu. Mikono yake ilikuwa inafanya kitu nisichokiona. Nikasikia sauti ya chini, ya mtu anayesimulia bila haraka, kisha kamba ikakazika, kwiii, na yeye akanyamaza, akasubiri, akaendelea.

Nilikimbia. Sikumbuki reli, sikumbuki soko. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikafungua sanduku la Mama, na kikwembe hakikuwamo. Kesho yake nikalifungua tena. Kilikuwamo, kimekunjwa vizuri, na pindo lake lilikuwa bichi.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Papa angeumia, na Mama Feza sikuwa nikimwambia hata kwamba kuna mvua. Nilikaa na jambo hilo miaka. Nilikuwa naoga nalo, nasoma nalo, na nikipita karibu na sanduku nilikuwa nabisha kidogo kwa vidole kabla ya kupita, heshima tu. Kulikuwa na jambo la pili pia lililonithibitishia. Kamba haikuoza. Kamba za wengine jua la Kalemie lilikuwa linazila, zinakuwa nywele, zinakatika; ya Mungu Iko ilizeeka bila kufa. Mimi nilijua sababu. Kamba haiozi ikiwa kuna mtu ameishika.

Papa alifariki nikiwa nasomea ukunga. Macho yake yalikuwa yamekwisha zamani, na mwishoni alikuwa anaomba apewe kipande chochote cha kamba ashike. Tulimzika penye udongo mwekundu, na yeye alipata kaburi. Niliporudi bandarini baada ya matanga, nilikuwa nimejiandaa kuikuta kamba imelegea, kwa sababu sasa nilikuwa mtu mzima na nilikuwa nimeanza kushuku kwamba aliyekuwa anaishona ni yeye. Nilikuta imesukwa upya, nyuzi za buluu mbichi katikati ya zile za kijivu. Papa alikuwa na wiki kadhaa kaburini. Nilisimama pale mchana mweupe, nikarudi kazini bila kupita njia ile tena.

Halafu ziwa likapanda. Mliliona au mlisikia. Maji yaliingia katika nyumba za ufukweni, yakala barabara, yakafunika gati la zamani pamoja na visiki vyake. Wavuvi wakawa wanapita na mitumbwi mahali ambapo Papa alikuwa anasimama. Mama Feza naye alikuwa amezeeka. Magoti yake yalivimba, na nilikuwa nakwenda kwake jioni kumkanda. Tulikuwa tumezoeana kwa miaka, lakini kuzoeana ni kitu kingine.

Jioni moja, nikiwa namkanda, aliingiza mkono chini ya mto, akatoa kijiti chenye ncha kama jino la mamba.

“Riziki, ile kamba imelegea. Musimu huu sijaishona. Magoti haya hayanipeleki tena.”

Nilikitazama kijiti. Nikaitazama mikono yake niliyokuwa nimeikanda mara nyingi, ncha za vidole zilizokatikakatika na kuota ugumu, ambazo siku zote nilidhani ni za mihogo. Mafuta yakaanza kukauka viganjani mwangu.

“Ilikuwa weye?”

“Nani mwingine? Papa yako macho yalikwisha. Alinifundisha, nikafundishika.”

“Kwa nini?”

Mama Feza hakuwa mtu wa kupamba maneno. “Mwanzo ni sababu ya woga. Nilikuwa nakuogopa weye. Nilijua siku kamba inakatika, utasema njo mimi nilikata. Basi nikasema, haikatiki.” Akacheka hadi akakohoa. “Ulikuwa mutoto mubaya, Riziki. Ulikuwa na macho!”

“Na kikwembe chake?”

Hapo akaacha kucheka. “Ningemuendea vipi na nguo yangu? Angesema huyu ni nani anashika kamba yangu. Nilivaa ile ili anijue natoka kwake, kwa nyumba yake. Nikimaliza naifua pindo, naanika, narudisha.”

“Ulikuwa unaongea.”

“Mutu unashona mchana mzima, utanyamaza? Nilikuwa namupa habari zako. Kwamba umeota meno ya nyuma. Kwamba umeona mwezi wako wa kwanza, na umenikatalia nisikufundishe, nimetuma jirani. Kwamba umepata diploma. Habari za mutoto ni za mama yake. Mimi nilikuwa nampelekea tu.”

“Na maji uliyaogopa.”

“Mpaka leo,” akasema. “Sana.”

Nilimwuliza swali moja la mwisho, na nililiuliza kwa sauti ya mtoto, sijui ilitoka wapi. Nilimwuliza kama alikuwa anajibiwa. Mama Feza hakupenda uongo. Akasema, “Siku zingine kamba ilikuwa inavuta. Ziwa limelala, hakuna upepo, inavuta. Kidogo tu, sawa mutu anayesema, endelea.”

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba kamba ile inashikwa na mtu mmoja, upande wa majini. Sikujua kwamba kamba haikaziki bila kushikwa pande zote mbili, na upande wa pili alikuwa yule mwanamke niliyekuwa namtupia sahani. Aliingia nyumbani kwetu kama Ruben alivyoingiza kitanzi chake, kutoka chini, bila kumtoa aliyekuwamo na bila kumlalia juu. Nami miaka yote hiyo nilikuwa nalinda kisiki.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda. Kikwembe cha ndege wa buluu kilikuwa kimechakaa, kimebaki vipande, kwa hiyo nilijifunika kikwembe cha Mama Feza, kile cha kahawia anachovaa jikoni, chenye harufu ya moshi na mawese. Niliingia majini mpaka kiunoni, nikatafuta kisiki kwa mguu. Kilikuwapo. Nilipapasa, nikakipata kitanzi, nikaufuata mkia na kuuinua juu ya maji. Nilifungua nyuzi kwa kijiti, nikasukia mpya, taratibu, vibaya mwanzoni. Ilikuwa saa saba. Hakuna aliyekuwa akinitazama, isipokuwa mpagazi mmoja mzee kule kwenye mabehewa, aliyefanya ishara ya msalaba na kuondoka upesi.

Nilipomaliza sikujua nianzie wapi. Mama Feza alikuwa na maneno ya miaka. Mimi nilikuwa na kikohozi tu. Nilisema kwamba maharage siku ile hayakuungua. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Kisha kamba ikakazika mikononi mwangu, kidogo tu, na maji yakadondoka kutoka kwenye nyuzi.

“Mama anakusalimia,” nikamwambia. “Magoti yanamuuma, lakini anakusalimia.”